Pikipiki Iliyokwisha Kutumiwa: Kuitengeneza Ifae Mwili Wako

Ukinunua kiatu ambacho mtu mwingine amekivaa miaka miwili, utaona ndani yake alama ya kisigino chake na ya vidole vyake. Mguu wako utaingia, lakini jioni utasikia uchungu. Pikipiki iliyokwisha kutumiwa ni vivyo hivyo. Kiti kimeshuka kwa uzito wa yule aliyekuwa nayo. Usukani umewekwa kwa kadiri ya mikono yake. Kikanyagio cha freni kimezoea mguu wake, wala si wako. Nawe umetoa franka zako nyingi, pengine umeuza mbuzi wote na mavuno ya kahawa, umepanda juu yake na furaha tele, na baada ya majuma matatu unakuja katika dispanseri kuuliza dawa ya mgongo.

Hapa hospitalini watu wa namna hii hatuwakosi. Mmoja mikono yake inakufa ganzi usiku. Mwingine ana kidonda cha moto juu ya mguu wa kuume. Mama mwingine kikwembe chake kimeshikwa na gurudumu. Tunatoa vidonge, tunafunga vidonda, lakini kidonge hakiwezi kugeuza usukani. Hii ndiyo sababu ya somo hili. Mengi yatakayosemwa humu mwenye pikipiki ataweza kuyafanya mwenyewe nyumbani na funguo chache za fundi na kopo la mafuta. Machache ni kazi ya garaji.

Tunasema juu ya pikipiki ndogo zinazojulikana kwetu, zile Boxer na TVS zinazotoka Uhindi na zile za Uchina. Wazee waliita chombo hiki tukutuku, vijana wanasema moto. Jina si kitu.

KABLA YA KUPAMBA

Tunajua tabia ya vijana. Akishaleta moto nyumbani, kesho yake anaipeleka kwa fundi itiwe taa za rangi, manyoya juu ya kiti, na bomba linalolia kama bunduki. Juu ya manyoya sitaki kubishana. Lakini baada ya kununua franka ni chache, na zile za kwanza ziende katika mipira, freni na mnyororo. Mwili hauwezi kupumzika juu ya pikipiki ambayo moyo unaiogopa. Dereva asiyeamini freni zake hushika usukani kwa nguvu, mabega yanapanda, shingo inakauka, na jioni anasema kiti ni kibaya. Kiti hakina kosa.

Tazama kwanza mifereji ya mipira. Ndani ya mifereji mna vinundu vidogo. Mpira ukiisha hata kuwa sawa na vinundu hivyo, kazi yake imekwisha, hata ukiambiwa kwamba bado unashika hewa. Kando ya mpira utaona tarakimu nne pamoja. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira wa zamani sana hupasuka-pasuka kama udongo wa kiangazi, ijapokuwa mifereji yake ingali mirefu. Juu ya hewa, pikipiki nyingi za namna hii hutaka karibu bar 1.75 mbele na 2 nyuma ukiwa peke yako. Ukichukua mtu, nyuma ongeza hata karibu 2.25. Kama namba zimeandikwa juu ya pikipiki yenyewe au katika kitabu chake, fuata zile. Pima asubuhi, mpira ukiwa baridi. Watu wengi hupunguza hewa ili pikipiki iwe laini katika mashimo. Ni kweli, inakuwa laini kidogo. Lakini inayumba katika kona, na jiwe moja kali laweza kuharibu mpira na chuma cha gurudumu pamoja.

Freni nazo. Kama ni zile za kamba na ngoma, mkono wa freni ya mbele utembee bure karibu sentimita 2 au 3 penye ncha, ndipo uanze kushika; kikanyagio cha nyuma vivyo hivyo. Kisha inua gurudumu, ulizungushe. Lizunguke bila kukwaruza. Kuna madereva walioacha freni ya mbele, hata wengine wameifungua kabisa, wakisema itawaangusha. Sivyo. Pikipiki ikisimamishwa, uzito huja mbele, na kwa sababu hiyo freni ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi. Humwangusha yule anayeikamata ghafula katika matope au katika kona. Ukinunua pikipiki ya mtu wa namna hii, huenda freni ya mbele imekauka kwa kutotumiwa. Mpe fundi aifungue, wala usisubiri.

Fundi akifungua ngoma ya freni, asiipulize vumbi kwa kinywa wala kwa mashine ya hewa. Vibao vya freni vya zamani huweza kuwa na asbesto, ambayo huharibu mapafu baada ya miaka mingi. Afute kwa kitambaa chenye maji. Tena, asivute petroli kwa kinywa. Mtu aliyemeza petroli tusimtapishe, maana ikipanda tena huingia katika mapafu. Tumlete hospitalini upesi.

Mnyororo uchezee sentimita 2 au 3 katikati, juu na chini. Ukikazwa sana utakatika, ukilegea utaruka. Ukivuta gurudumu la nyuma ili kukaza, hesabu alama za pande zote mbili ziwe sawasawa, la sivyo gurudumu litakaa upande na pikipiki itakuvuta siku zote kama mbuzi asiyetaka kamba. Baada ya hapo pima freni ya nyuma tena, kwa sababu imehama pamoja na gurudumu.

Mafuta ya injini uyabadilishe siku ya kwanza. Hujui yaliwekwa lini.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui ni shingo ya usukani. Inua gurudumu la mbele, geuza usukani polepole huku na huku. Kama unasikia unakwama kidogo katikati, kana kwamba kuna kishimo, gololi za shingo zimekwisha. Pikipiki ya namna hii haiendi moja kwa moja. Dereva huisahihisha kila hatua bila kujua, na mabega yake yanachoka kupita ya mtu aliyelima.

USUKANI NA MIKONO

Sasa tuje kwa mwili. Simamisha pikipiki juu ya miguu yake miwili, mahali palipo sawa. Keti katikati ya kiti, fumba macho, nyosha mikono bila haraka kama mtu anayetaka kushika usukani. Fumbua macho. Mikono imefika wapi? Kama imefika juu ya usukani au chini yake, si mikono yako ya kubadilishwa.

Viwiko vikunjike kidogo, mabega yashuke, na kifundo cha mkono kiwe sawa na mkono, kisivunjike kwenda juu wala chini. Legeza bulo zinazoshika usukani, nusu tu, uugeuze kidogo kuja kwako au kwenda mbele, kisha kaza bulo zote kwa zamu, kila moja kidogo kidogo. Halafu legeza mkono wa freni na wa ambrayage, uishushe mpaka vidole vikinyoshwa viangukie juu yake bila kukunja kifundo. Katika pikipiki nyingi zilizotumiwa mikono hii imeinuliwa mno. Dereva anakunja kifundo kila anapofunga freni, mara mia kwa siku.

Hapa tueleze ugonjwa. Katika kifundo cha mkono mna njia nyembamba, na mshipa wa fahamu hupita ndani yake. Kifundo kikikunjwa muda mrefu na kutikiswa, mshipa unabanwa. Ndipo kidole gumba, cha pili na cha kati hufa ganzi, hasa usiku, hata mtu anaamka na kukung'uta mkono. Lakini kama ganzi iko katika kidole kidogo na nusu ya jirani yake, huo ni mshipa mwingine, unaopita upande wa kidole kidogo penye kitako cha kiganja. Mshipa huo hubanwa na mtu anayelalia usukani kwa uzito wake. Basi vidole vyenyewe vinakuambia mahali pa kutazama: ganzi ya gumba, tazama mikono ya freni na ambrayage, ganzi ya kidole kidogo, tazama kama usukani uko mbali au chini sana, au kama kiti kinakusukuma mbele. Ganzi isiyoondoka baada ya kupumzika siku kadhaa, au mkono unaoanza kuangusha vitu, mje hospitalini.

Mpira wa kushikia ukiisha, ununue mwingine. Ni wa bei ndogo. Kama mwishoni mwa usukani mna vizito vya chuma, usivitoe. Si mapambo, hupunguza mtetemeko. Na kamba ya ambrayage itiwe matone ya mafuta kutoka juu mpaka yatoke chini. Kamba kavu huchosha mkono wa kushoto kuliko kilima chochote. Penye ncha, mkono wa ambrayage nao uachwe utembee bure karibu sentimita 1.

Ukimaliza, washa injini bila kuingiza gia, geuza usukani mpaka mwisho wa kushoto na mpaka mwisho wa kuume. Injini ikipandisha sauti yenyewe, kamba ya gesi inavutwa. Usiende hata mita kumi kabla ya kuiachilia, maana katika kona ya kwanza pikipiki itakukimbiza.

Miguu isisahauliwe. Ukiweka nyayo mahali pake, vidole vya kuume viwe juu tu ya kikanyagio cha freni, bila kuinua paja zima. Kina bulo yake ya kukipandisha na kukishusha. Mkono wa gia vilevile waweza kutolewa na kurudishwa jino moja juu au chini. Weka kwanza alama ya chaki ili ujue ulipotoka. Baada ya kugusa kikanyagio, mwambie mtoto asimame nyuma akuambie kama taa nyekundu ya freni inawaka.

KITI, MGONGO, NA MANENO JUU YA MAFIGO

Bonyeza kiti kwa ngumi mahali pa dereva. Ukisikia bati au chuma chini, sifongo imekufa. Mara nyingi imekufa mbele kuliko nyuma, na dereva anateleza daima kuelekea tangi. Fundi wa viti atataka kukutilia sifongo ya godoro. Ni laini siku ya kununua, na mwezi wa pili imekuwa chapati. Mwombe sifongo nzito na ngumu, na juu yake tabaka nyembamba ya laini. Kiti kiwe sawa, au kiinuke kidogo sana mbele. Mshono wa kifuniko usiwe juu mahali maji yanapolala, kwa sababu sifongo ikinywa mvua haikauki upesi, na ngozi ya mapaja huota vipele.

Mtu mfupi asione haya kukata sifongo. Akisimama, nyayo zake zifike chini, angalau sehemu ya mbele ya zote mbili. Mwanamke mkunga au mwalimu anayenunua pikipiki ya mwanaume mrefu aanze hapo kabla ya neno lingine lote. Wengi wanaoanguka hawaanguki katika mwendo, huanguka wakisimama, na chuma kinawalalia mguu.

Amortisere mbili za nyuma, penye springi, zina pete yenye ngazi ngazi. Pete ikipandishwa, springi inakuwa ngumu. Ikishushwa, inakuwa laini. Aliyekuwa akibeba magunia ya mkaa huenda aliipandisha mpaka mwisho, na wewe mwenye kilo 60 unarushwa kama mahindi katika sufuria. Shusha ngazi moja, ujaribu. Pande zote mbili ziwe katika ngazi moja, nisikie mtu akisema vingine nitajua hakusoma. Lakini kama amortisere inatoa mafuta, na ukibonyeza nyuma ya pikipiki inacheza mara tatu nne kabla ya kutulia, pete haitasaidia, imekwisha.

Katika mashimo inuka kidogo, simama juu ya miguu, magoti yakunjwe. Magoti yako ni springi nzuri kuliko zote, wala huyanunui. Aketiye kama gunia hupokea kila shimo katika uti wa mgongo. Na kila saa moja ushuke, utembee, unyoshe mgongo, unywe maji. Madereva wengi hawanywi maji mchana kwa kuogopa kusimama njiani. Mkojo wao unakuwa mweusi kama chai, na huko ndiko mafigo yanakodhurika kweli.

Maana watu husema, "Moto imeniharibu mafigo." Mara nyingi si mafigo. Uchungu wa chini ya mgongo, unaozidi ukiinama na kupungua ukilala, ni wa nyama za mgongo na wa vile vitu laini vilivyo kati ya mifupa. Usinywe dawa za mafigo za sokoni kwa ajili yake. Geuza usukani, tengeneza kiti, pumzika. Lakini zipo dalili za kutosubiri: uchungu unaoshuka mguuni kupita goti, mguu unaolegea, ganzi katikati ya mapaja, mkojo usiotoka au unaotoka wenyewe, damu katika mkojo, au homa pamoja na mgongo. Mtu huyo aje siku ile ile, wala asije kwa kuendesha moto.

Wengine huweka karatasi ngumu kifuani wakisema upepo huleta kichomi. Kichomi huletwa na vijidudu. Hata hivyo koti la kuzuia upepo ni jema, kwa kuwa mwili uliopoa katika vilima vya Lubero hukakamaa, na mikono baridi hufunga freni kwa kuchelewa.

BOMBA LA MOSHI

Katika pikipiki nyingi za namna hizi bomba liko upande wa kuume. Juu yake kiwandani huwekwa bati la kukinga mguu. Katika pikipiki iliyokwisha kutumiwa bati hilo mara nyingi limepotea, au linashikwa kwa waya na kupiga kelele. Tafuta lingine, au fundi wa kuchomelea akutengenezee. Lisiguse bomba lenyewe, liache nafasi ya hewa kati, tena lifike mpaka mahali ndama ya mguu wa abiria inapokaa, si ya dereva tu. Ni kitu kidogo, na katika vyote tunavyosema humu ndicho kinachozuia vidonda vingi kuliko vingine, hasa vya watoto. Mtoto wa miaka minne hukimbilia moto ya baba yake ikisimama, akaikumbatia. Isimamishe upande wa bomba ukiwa ukutani.

Aliyeungua apozwe mara moja kwa maji safi yanayomiminika, dakika 20, hata kama analia. Usipake mafuta, wala dawa ya meno, wala yai, wala udongo wa ukuta, wala kinyesi cha ng'ombe. Malengelenge usiyapasue. Funika kwa kitambaa safi kisichoshika, mje, maana kidonda cha mguu katika vumbi hupona polepole, na aliyekosa sindano ya pepopunda yuko hatarini.

MAMA ANAYEKETI NYUMA

Hapa nitasema zaidi kidogo, kwa sababu pikipiki zetu zilifikiriwa katika nchi nyingine. Katika Uhindi magari hupita kushoto kwa barabara, na mwanamke aliyevaa nguo ndefu huketi upande, miguu yake ikiwa kushoto, yaani upande wa majani. Kwa ajili yake waliweka chuma cha kukinga kando ya gurudumu la nyuma upande wa kushoto, nguo isishikwe. Pikipiki zile zimekuja kwetu na chuma kile. Lakini Kongo tunapita kuume. Mama akiketi upande, miguu kushoto ili asiguse bomba, magoti yake yako katikati ya barabara, kuelekea magari yanayokuja. Akigeuka kuume, yuko juu ya bomba la moto.

Kwa hiyo afadhali apanue miguu, moja huku na moja huku, na suruali au nguo pana chini ya kikwembe. Najua wazee wengine wa kanisa hawapendi. Wamsikilize mama aliyevunjika paja. Ncha za kikwembe, za mshipi na za nguo ya kubebea mtoto zifungwe juu kabla injini haijawashwa. Nguo ikishikwa na gurudumu au mnyororo humvuta mtu chini mara moja, na ikiwa ni shingoni humnyonga. Basi ukinunua moto na ile kinga ya kushoto imeondolewa kwa urembo, irudishe. Kifuniko cha mnyororo vivyo hivyo.

Abiria awe na mahali pake pa miguu pande mbili, pa kukunjuka vizuri, penye mpira juu. Na awe na chuma cha kushika nyuma ya kiti. Asiyekuwa na cha kushika humshika dereva, na kila shimo linamvuta dereva mgongo. Kupanda na kushuka ni kushoto, mbali na bomba. Lakini kwetu kushoto ni upande wa magari, kwa hiyo dereva aondoke kabisa barabarani kwanza. Mguu wa kusimamishia wa kushoto uwe na springi kali. Ukishuka wenyewe katika kona ya kushoto, utapiga ardhi na kuwatupa wote.

Kuongeza kiti kirefu ili waketi wanne ni kazi mbaya. Uzito unapita nyuma ya gurudumu, mbele inakuwa nyepesi, na usukani hausikii tena.

KICHWA NA MACHO

Mwaka 1935 katika Uingereza T. E. Lawrence, mtu mwenye sifa tangu vita ya kwanza, alianguka na pikipiki bila kofia ngumu, akafa baada ya siku 6. Mmoja wa waganga walioitwa kwake, Hugh Cairns, alikuwa mpasuaji wa ubongo. Akaendelea kuchunguza vichwa vya wenye pikipiki, na mwaka 1941 aliandika juu ya faida ya kofia ngumu kwa askari wa kupeleka barua. Leo tunajua kwamba kaske hupunguza kufa kwa karibu 40 katika 100, na kuumia kichwa kwa karibu 70 katika 100.

Lakini kaske iliyokuja pamoja na moto ya zamani usiipokee hivi hivi. Sifongo ngumu ya ndani hufanya kazi mara moja tu. Ikibonyezwa katika kuanguka hairudi. Kichwa kitoshe, mashavu yaguswe, mkanda ufungwe chini ya kidevu. Kisha mtu aisukume kutoka nyuma: ikitoka, si yako. Anayewapa abiria wengi kaske moja awe na vitambaa safi vya pamba vya kuvaa chini yake, maana upele na mba hupita kichwa kwa kichwa.

Kwa macho, kioo cheupe, si cheusi, usiku. Na baada ya kugeuza pete za amortisere au kuzoea kubeba mzigo, simama mita 5 mbele ya ukuta jioni, mzigo ukiwa juu, utazame taa. Nyuma ikishuka, taa hupanda na kupofusha wanaokuja. Ishushe.

KUJARIBU

Badilisha jambo moja tu kwa siku, ili ujue lipi limesaidia. Nenda kilomita 10 katika njia unayoijua, rudi, ukaze tena bulo zote ulizogusa. Baada ya juma kaza tena. Tena mpe mke wako au jirani aketi nyuma kilomita chache, umwulize, naye aseme bila kuogopa. Dereva hajui kinachompata mtu wa nyuma.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Ndugu mmoja anasema kidole chake kidogo na nusu ya jirani yake hufa ganzi akitoka sokoni, wala gumba halina neno. Utatazama nini kwanza katika pikipiki yake?

2. Una franka za kitu kimoja tu: kiti kipya, au mpira wa nyuma ulioisha. Mke wako analalamika juu ya kiti. Utamwambiaje?

3. Usiku, baada ya mvua, wanakuomba upeleke mama mwenye uchungu wa kuzaa kilomita 12, naye amebeba mtoto wa miaka miwili mgongoni. Moto ni moja, kaske ni moja. Utapanga nini kabla ya kuwasha injini, na nani atabaki?